Kiswahili cha Mae Kokugonza

Nitaanza na mume wangu. Nikianza na mama yake nitalia kabla sijasema kitu, na watu wa namna hiyo hunichosha.

Yoeli alikuwa bwana shamba. Alinioa kwetu Tanga, kijana wa Kihaya, Mlutheri, mwenye shati jeupe na Kiswahili cha kitabuni ambacho mama yangu alikuwa akikicheka jikoni. Mwaka 1974 wakampeleka Tabora kwenye operesheni ya vijiji, awaonyeshe watu waliohamishwa mahali pa kulima. Nyumba hakupewa, alipewa hema. Akaniambia, "Penina, hema si mahali pako. Nenda Kagoma ukakae na Mama. Magoti yake yamekwisha, macho yanakwisha, na mtoto aliyebaki ni mimi peke yangu."

"Ala! Wewe unakwenda kuhamisha mama za watu, halafu kwa mama yako nihamie mimi?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Nikirudi nimkute, Penina. Sina lingine. Nikirudi nimkute."

"Utamkuta," nikasema, kwa maringo kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto hatujajaliwa bado, mwili una nguvu, na bibi yangu nilishamuuguza hadi akapona. Nikaona kumtunza mzee mmoja ni kazi gani.

Basi nikapanda treni hadi Mwanza, nikapanda meli, asubuhi nikashuka Bukoba. Pale bandarini basi la Muleba huwa linawangojea abiria wa meli. Likijaa linaondoka, na ukizubaa na mizigo yako umeachwa. Mimi nililikimbilia huku kiatu kimoja nimekishika mkononi.

Mae Kokugonza nilimkuta ameketi mlangoni, juu ya majani makavu ambayo watu wa kule hutandaza sakafuni, anamenya ndizi bila kuzitazama. Mae ndiyo mama kwa Kihaya, na hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza. Mwanamke mrefu, mkavu, mgongo umenyooka kama hana miaka sabini na kitu. Mimi nikampa mkono nimesimama, kama Mzungu. Kwao mkwe hupiga magoti. Aliutazama ule mkono wangu muda mrefu, kisha akaweka ndizi ndani yake, nimenye. Ndivyo tulivyosalimiana.

Nilikuja kujua habari zake polepole, kwa vinywa vya watu. Mume alimfia angali kijana. Wakaja shemeji zake kutaka kukigawana kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, naye akasimama mlangoni na panga la kukatia mikungu akawauliza nani aanze. Hakuanza mtu. Akalima peke yake, akasomesha Yoeli kwa kahawa, akazika watoto wanne upande wa juu wa nyumba, karibu na baba yao. Mabwana wa serikali walipokuja kueleza habari za vijiji, aliwatembeza kibanja kizima, shina kwa shina, akawauliza mgomba upi utatangulia kutembea kwenda kijijini. Walicheka wenyewe wakaondoka. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyeambiwa nimtunze.

Na hatusikilizani! Yeye Kiswahili hana, mimi Kihaya sina. Mwezi wa kwanza tuliishi kwa vidole. Nilijifunza maneno ya kazi: maji, kuni, chumvi, kikapu, ndizi. Maneno ya mwili sikujifunza, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuutaja mwili wake. Jioni nilimchemshia maji, nikamwosha miguu, nikamkanda magoti kwa samli, naye akatazama ukutani kama magoti ni ya mtu mwingine. Nikigusa panapouma nilijua kwa pumzi tu, ilikuwa inakatika kidogo. Kumwosha mgongo alikataa. Alijiosha mwenyewe nyuma ya nyumba, anashikilia mgomba, na mimi nimesimama upande wa pili natetemeka asije akaanguka nikamjibu nini Yoeli.

Halafu Mae akaanza kwenda kisomo. Miaka ile kila mtu mzima alitakiwa ajue kusoma na kuandika, na pale kwetu darasa lilikuwa kanisani, Jumatatu hadi Jumatano alasiri, mwalimu Adventina, jirani yetu, msichana mwenye sauti ya kupigia kengele. Mzee kama Mae hakuna ambaye angemlazimisha. Akaenda mwenyewe, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani kwangu, kitabu amekifunga kwenye kitambaa. Nikadhani anataka kusoma Biblia kabla hajafa.

Akawa anarudi na maneno. "Keti," ananiambia. "Kula." "Asante." Siku moja akasimama jikoni, akakohoa kama mhubiri, akasema, "Enda kisima!"

"Nenda, Mae," nikamsahihisha. "Nenda kisimani."

"Enda," akasema.

"Nenda."

Akafungua kitambaa, akafungua kitabu, akaweka kidole juu ya mstari. Enda shambani. Imeandikwa kweli. "Kitabu: enda," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka, meno matatu.

Toka siku hiyo ikawa enda kisima, enda duka, enda lete kuni. Sikumbishia tena. Nilikuwa namwigiza nikiwa peke yangu kisimani: enda, enda, enda. Jamani, nilianza kumpenda yule mama, na sikujua nimwambieje.

Sasa ndipo nifike kwenye ile Jumamosi ya Novemba.

Goti lake lilikuwa limevimba, hakuweza kwenda shambani. Nikaona leo nitamwonyesha kuwa mimi ni mkwe. Nikachukua panga, nikaingia kibanja peke yangu, nikachagua mkungu mzuri ulionona, nikaukata, nikamenya, nikapika na maharage. Nikaweka mbele yake. Akatia tonge mdomoni, akalitema. Akasema maneno mengi ya Kihaya kwa haraka, akaonyesha mkungu, akaonyesha pipa la pombe la marehemu mumewe. Nilikuwa nimekata embile, ndizi za pombe, chungu kama shubiri, mtu hawezi kuzila. Na mkungu wenyewe, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa ameutunzia Krismasi, Yoeli akija kwa likizo.

Na mimi nina hasira, sifichi. Nikasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti, "Migomba yenu yote sura moja! Kwani imeandikwa majina?" Nikamwaga chakula kwa kishindo. Tukalala bila kuagana.

Jumapili asubuhi nikaenda na uji. Yuko kitandani amejikunja, uso ukutani, blanketi hadi shingoni. Nikaita, "Mae." Hakugeuka. Akasema, "Enda."

Nikasimama na bakuli langu. "Mae, uji."

"Enda," akasema tena, na maneno mengine yaliyomezwa na blanketi. Nilichosikia mimi ni enda, nenda. Ndiyo, na nenda pia, ile niliyomfundisha mwenyewe.

Nikajisemea, haya, sawa. Kwa ajili ya mkungu mmoja? Nikaweka uji juu ya kigoda, nikatoka.

Mchana nikarudi, uji haujaguswa. "Enda." Jioni nikaleta maji ya miguu. "Enda, enda." Nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyoyajua, na kwa Kihaya nilikuwa najua maji na chumvi. Akatoa mkono nje ya blanketi akaupunga hewani. Nikaona ananifukuza kama kuku.

Jumatatu nikanuna. Niliweka chakula, nikasusa. Nilikaa jikoni nikilia kwa hasira, nikijisemea nimeacha watu wangu, nimeacha bahari, nimekuja kukanda magoti ya mtu ambaye hata kunitazama hataki. Alasiri nikasikia anaita kwa nguvu, "Enda!" Nikaenda hadi mlangoni, nikashika kiuno. "Niende wapi, Mae? Tanga? Niambie basi, niende Tanga?" Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Nikafikiri ni joto la blanketi. Wallahi nilifikiri ni joto.

Nikachukua sanduku langu, nikapanga nguo ndani. Nilizipanga vizuri kabisa, vitenge chini, magauni juu. Kisha nikakumbuka Yoeli, nikirudi nimkute, nikalisukuma chini ya kitanda. Sikuondoka. Lakini chumbani kwake pia sikuingia tena mpaka kesho yake, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niende, na mimi nikifukuzwa sijipendekezi.

Jumanne alasiri akaja Adventina. Mwanafunzi wake amekosa darasa siku mbili, hajawahi kukosa hata mvua ikinyesha.

"Amenuna," nikamwambia. "Nilikata embile. Siku ya tatu hii ananifukuza, dada. Kila nikiingia ananiambia enda."

Adventina akaingia, nikamfuata nyuma. Akainama, akamwambia mzee kitu kwa Kihaya kwa upole. Mae akajibu bila kufumbua macho, na safari hii nikasikia yote. "Enda nenduma."

Adventina akafunua blanketi. Tumbo la Mae lilikuwa limejaa, gumu kama ngoma. Akalifunika tena, akanigeukia taratibu.

"Penina. Amekuambia hivi toka lini?"

"Toka Jumapili. Nimekwambia, ananifukuza."

"Enda ni tumbo," akasema. "Kwa Kihaya. Enda nenduma, tumbo linaniuma. Waitu, ndugu yangu, alikuwa anakuambia tumbo linamuuma."

Sijui mnataka niseme nini hapo. Nilikaa chini kwenye majani. Ule mkono aliokuwa akiupunga alikuwa ananiita.

Adventina ndiye aliyekimbia. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kaijage, akaleta wanaume na machela, tukashuka naye barabarani hadi zahanati, nami nimemshika kichwa namwambia pole Mae, pole Mae, neno ambalo kisomo hakikuwa kimelifikia. Mganga akamgusa mara moja tu, akasema huyu si wa hapa, huyu ni wa Bukoba, leo leo. Kulikuwa na lori la kahawa likielekea mjini. Tukamweka juu ya magunia. Wakati wanampandisha, Adventina akanong'ona, "Nakwenda posta kupiga simu ya maandishi kwa Yoeli." Nikasema ndiyo, haraka. Akapiga: Mama mgonjwa sana njoo. Hakuandika hospitali gani, kwa sababu alidhani sisi wenyewe bado hatujui watatupokea wapi. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo, na mimi simlaumu.

Mjini wakampasua asubuhi ya Jumatano. Daktari alikuwa mtu mpole. Akaniuliza maumivu yalianza lini, nikasema Jumapili. Akaandika. Akasema utumbo ulijisokota, kipande kimekufa wamekiondoa, na sumu imeingia mwilini. Nikamuuliza kama ni zile ndizi. Akasema hapana, mama, ndizi hazina kosa. Nikamuuliza kama ningemleta Jumapili ile ile. Akafunga jalada, akasema tumwombe Mungu.

Ndipo nikaanza kumtunza kweli. Sista wa wodi aliniruhusu nishinde pale kwa sababu mzee haelewi Kiswahili, na mimi nikakaa kimya bila kusema kuwa mimi sielewi Kihaya. Nililowesha midomo yake kwa pamba. Nilimwosha mgongo, ule aliokuwa hataki niuone, na sasa hakuwa na nguvu za kukataa. Nililala chini ya kitanda chake. Kila aliposema enda, niliweka kiganja juu ya bendeji, kidogo tu, kisimlemee, nikamwita sista. Alhamisi alisema mara nne, na mara nne nilikuwa hapo hapo. Nilijiapiza kwamba neno hilo halitanipita tena nikiwa hai.

Kwenye kitanda cha pili alilazwa mama mmoja wa Rwamishenye, Benigna, aliyevunjika mguu. Anajua lugha zote mbili, mcheshi, mguu wake juu kwenye kamba anatania manesi. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Kwa kinywa chake nilimwomba Mae msamaha. Mae akajibu, Benigna akacheka hadi kamba ikatikisika. "Anasema embile haina sumu, lakini upishi wako unakaribia."

Benigna ndiye aliyeniambia na jambo jingine. "Unajua kwa nini mzee huyu alikwenda kisomo? Anasema mwanawe alimletea binti ambaye usiku anaongea peke yake, akaona ni aibu mtu kukaa nyumbani mwako bila mtu wa kuongea naye." Nikatoka nje ya wodi. Nilisimama kwenye korido nimejifunika uso kwa kanga hadi sista akaniuliza kama nimefiwa.

Alhamisi jioni dereva wa lori akaleta salamu za Adventina. Yoeli amejibu simu. Yuko njiani, atafika na meli ya Ijumaa asubuhi. Nikamwambia Mae, nikitaja moja moja, "Yoeli. Meli. Kesho." Alielewa. Alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni, akanishika kidole kimoja. Hakukiachia hadi taa zilipozimwa.

Nikapanga. Yoeli hajui kuwa tuko mjini. Atashuka bandarini, ataliona basi la Muleba, atalirukia kama nilivyolirukia mimi, na atatupita hapa hospitali akimwendea mama yake Kagoma. Kwa hiyo saa moja asubuhi niwe bandarini. Ni mwendo mfupi, na naweza kukimbia. Nimshike mkono nimlete, nimwambie huyu hapa, nilikwambia utamkuta.

Ijumaa asubuhi nikaenda bombani kufua vitambaa vyake, nikarudi, nikajifunga kanga vizuri, nikaegemeza kichwa kitandani kumuaga. Kitanda cha Benigna kilikuwa kitupu, wamempeleka kubadilishwa plasta. Mae alikuwa macho. Ananitazama kwa bidii, anakusanya pumzi.

"Enda," akasema.

Nikasimama.

"Enda," akasema tena, na mkono wake ukajiinua kutoka kitandani.

Nikaivua kanga begani. Nikakaa. Nikaweka kiganja changu juu ya tumbo lake, kidogo, kisimlemee, nikamwambia, "Nipo, Mae. Siendi. Siendi popote." Nikamwita sista, sista akaja, akampa sindano, akaondoka. Mae akatikisa kichwa. Akasukuma mkono wangu. Nikadhani maumivu yamezidi, nikaurudisha. "Enda," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya kuomba. Nami nikazidi kushika. Kwa mbali nikasikia honi ya meli, nikamwambia mfagiaji wa wodi, tafadhali kaka yangu, kimbia bandarini umwite Yoeli wa Kagoma. Akasema hawezi kuacha kazi hadi saa nne. Nikajisemea basi, Yoeli ni mtu mzima, atauliza watu. Mimi hapa sibanduki. Mara ya kwanza niliondoka, na ona.

Mae aliacha kusema. Alinitazama tu, kisha akatazama mlango, kisha akanitazama mimi. Nikamfuta jasho. Nilikuwa najiona mkwe mwema, msinicheke.

Karibu saa sita wakamrudisha Benigna kwa kitanda cha magurudumu. Hata hawajamfunga kamba, akauliza, "Vipi, mwenyewe yuko wapi? Mtoto kafika?"

"Sikwenda. Mae aliumwa tumbo toka asubuhi, anasema enda, enda. Sikumwacha."

Benigna akawaashiria manesi waiache kwanza ile kamba.

"Penina," akasema, "asubuhi ulipokuwa bombani aliniuliza. Aliniuliza kwa Kiswahili wanasema enda au nenda. Akasema kitabu kinasema enda, lakini mkwe wangu anapenda nenda, na leo nataka anielewe mara moja, aende upesi kwenye meli. Nikamwambia zote sawa, sema ile unayoiweza."

Nilikimbia. Nilikimbia na miguu mitupu katikati ya mji, watu wananipisha. Bandarini hapakuwa na mtu isipokuwa wapakizi wamelala kwenye magunia. Nikawauliza basi la Muleba. Wakacheka, wakasema dada, limeondoka toka saa mbili. Nikawauliza mtu mrefu, mwembamba, shati jeupe. Mmoja akasema alikuwepo, alikuwa wa kwanza kupanda, alikuwa anamhimiza dereva.

Nikarudi wodini. Mae alisikia hatua zangu akageuza uso mlangoni. Alitazama nyuma yangu. Alitazama pale nyuma yangu kwa muda mrefu, akingoja mtu wa pili aingie.

"Mae," nikasema, "nenda. Nimekwenda. Nimechelewa." Sikujua hata lugha gani nasema. Benigna alimweleza kwa Kihaya, alimweleza yote, na Mae akasikiliza. Hakunikasirikia. Ningeshukuru kama angenikasirikia, kama siku ya embile. Akatafuta kidole changu akakishika.

Saa tisa kasorobo alikiachia.

Yoeli aliingia saa kumi na moja, shati limejaa vumbi la njia mbili. Alifika Kagoma akakuta mlango umefungwa, Adventina akamweleza, akadandia gari la kwanza kurudi mjini alikotoka. Alikuwa bado na maembe ya Tabora kwenye kikapu. Sista alishamwambia mlangoni. Alikaa kwenye kiti changu, akauweka mkono wake juu ya shuka walilomfunika mama yake, akakaa hivyo hadi jua likaondoka dirishani.

Kisha akauliza bila kunitazama, "Alisema nini? Mwisho alisema nini?"

Benigna akanitazama kutoka kitandani kwake, halafu akageuza uso ukutani.

"Alisema enda," nikajibu.

Yoeli akainamisha kichwa, akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto. "Masikini Mama. Tumbo lilimtesa hadi mwisho."

Nilifungua mdomo. Mungu shahidi, niliufungua.

"Ndiyo," nikasema. "Tumbo."